Punguza Picha Hapo Hapo Kwenye Kivinjari

Kila mwaka dirisha la maombi ya vyuo na mikopo linapofunguliwa, steshenari za Mwanjelwa, hapa Mbeya, hujaa tangu asubuhi. Vijana wanakuja na vyeti kwenye bahasha za kaki, wazazi wanakuja na vitambulisho vyao vya NIDA, na kazi inakwenda vizuri mpaka fomu inapodai picha. Hapo maandishi mekundu yanatokea: faili limezidi ukubwa unaoruhusiwa. Mhudumu anafungua ukurasa mwingine, anaandika Google "punguza ukubwa wa picha", anabonyeza tovuti ya kwanza inayojitokeza, na anapakia humo picha ya mtoto wa watu. Kisha cheti cha kuzaliwa. Kisha kitambulisho cha mzazi, mbele na nyuma. Faili dogo linarudi, foleni inasogea.

Mimi natengeneza tovuti, ndiyo kazi inayonilisha, na ndugu yangu anamiliki mojawapo ya steshenari hizo, kwa hiyo msimu huo huwa nakaa naye kaunta. Nina jambo moja ambalo nimelibeba muda mrefu na leo nataka niliseme kwa kirefu: picha ile haikuwa na sababu yoyote ya kwenda popote. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, kilichokuwa wazi mbele ya mhudumu kinaweza kuipunguza chenyewe, ndani ya kompyuta ile ile, bila kutuma hata herufi moja nje. Kitambulisho cha mama wa watu kimesafiri mpaka kwenye seva ambayo si yeye wala mhudumu anayejua iko nchi gani, kwa ajili ya kazi ambayo simu yake ingeimaliza kwa sekunde moja au mbili.

Zamani haikuwezekana. Kivinjari cha miaka ya 1990 kilijua kuonyesha picha, basi. Ukikiagiza picha ionekane kwa upana wa nukta, au pikseli, 300, ilionekana ndogo, lakini faili zima lilikuwa limeshashuka. Hali hiyo ipo hadi leo, na ni sababu mojawapo ya tovuti nyingi za shule na nyumba za wageni kufunguka kwa taabu kwenye simu: mtu amepakia picha ya MB 5 moja kwa moja kutoka kwenye kamera, akaiagiza ionekane ukubwa wa kiganja, akaamini ameipunguza. Machoni imepungua, kwenye bando la mgeni wake haijapungua.

Mwaka 2004 Apple walileta kitu walichokiita canvas, kwa ajili ya Dashboard ya Mac OS X, mfumo wa kompyuta zao, na kivinjari chao cha Safari. Firefox wakakipokea mwaka 2005, Opera mwaka uliofuata, na Internet Explorer wakaja nacho kwenye toleo la 9, mwaka 2011. Kanvasi ni uwanja mtupu wa pikseli ambao ukurasa unaweza kuchora juu yake, kisha ukasoma tena kilichochorwa. Baadaye vivinjari vikaruhusu ukurasa kusoma faili ambalo mtumiaji amelichagua mwenyewe, kabla halijatumwa popote. Mambo hayo mawili yalipokutana, kazi yote ikawezekana ndani ya simu: unachagua picha, ukurasa unaifungua, unaichora upya kwenye kanvasi ndogo, unakukabidhi faili jipya. Hakuna hatua hata moja hapo inayohitaji intaneti.

Kabla sijaingia ndani zaidi niseme kidogo kuhusu vipimo, maana hapa ndipo wateja wengi wanapopotea, na wahudumu pia. Fomu inaweza kukubana kwa njia tatu. Inaweza kutaka idadi fulani ya pikseli, yaani nukta zinazounda picha kwa upana na kwa urefu. Inaweza kutaka KB zisizozidi kiasi fulani, yaani uzito wa faili. Na inaweza kutaja sentimita au inchi, ambazo kwa picha ya kwenye skrini hazina maana yoyote mpaka uamue kila inchi itachapwa na nukta ngapi. Picha mbili zenye pikseli zile zile, moja ya ukuta mweupe na nyingine ya soko la Mwanjelwa siku ya Jumamosi, zitakuwa na KB tofauti kabisa, kwa sababu ukuta mweupe unabanika na umati wa watu haubaniki.

Mfano mzuri ni bahati nasibu ya Green Card, ile DV ya Marekani, ambayo watu wa Kenya, Tanzania, Kongo na Burundi wamekuwa wakiijaza kwa wingi kwenye steshenari na saiba. Mwongozo wake umekuwa ukitaka picha ya JPEG (aina ya faili la picha lililobanwa) yenye pikseli 600 kwa 600, isiyozidi KB 240, na kichwa, kuanzia kidevuni mpaka utosini, kichukue kati ya asilimia 50 na 69 ya kimo cha picha. Ile 600 ina asili yake: picha ya karatasi ni inchi 2 kwa inchi 2, na skana huambiwa isome nukta 300 kwa inchi. Mbili mara 300. Ukishajua hivyo huhangaiki tena na inchi, unashika pikseli na KB tu.

Sasa chukua simu ya kawaida. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000, yaani pikseli milioni 12. Faili lenyewe linaweza kuwa na MB 3 au 4, kwa sababu limebanwa. Kivinjari kikilifungua kinalikunjua lote, na kila pikseli inachukua baiti 4: nyekundu, kijani, bluu, na moja ya uwazi. Hizo ni MB 48 kwenye kumbukumbu ya simu kwa picha moja. Ukikata mraba wa pikseli 3,000 kwa 3,000 kuzunguka uso, unabaki na milioni 9. Fomu inataka 360,000. Maana yake kila pikseli 25 za awali, mraba wa 5 kwa 5, lazima zigeuke pikseli moja. Ni nani atakayeamua hiyo moja iwe na rangi gani?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii. Watu hudhani kupunguza picha ni kuisogeza mbali ionekane ndogo. Kumbe ni kuamua, mara 360,000, rangi ipi iwakilishe zile 25 ambazo hazitaonekana tena.

Njia ya haraka ni kuchukua pikseli moja ya katikati na kuziacha nyingine zote. Hapo unapata kingo zenye ngazi na nywele zilizokatikakatika. Njia inayofuata, ambayo vivinjari wamekuwa wakiitumia kwa kawaida mtu asipotoa maelekezo mengine, inaangalia pikseli 4 za jirani na kuzichanganya. Kwa picha inayopungua kidogo inatosha kabisa. Lakini ukitoka 3,000 kwenda 600 kwa mruko mmoja, nne zimesikilizwa na 21 hazikuulizwa. Ni sawa na mjumbe anayetaka maoni ya mtaa mzima akagonga mlango mmoja katika kila nyumba sita.

Matokeo yake yanaonekana kwenye nguo. Alikuja mwalimu mmoja amevaa shati la drafti, miraba midogo sana ya bluu na nyeupe, shati safi lililopigwa pasi vizuri. Tulimpiga picha mbele ya ukuta mweupe, nikaipunguza kwa mruko mmoja ili nimwonyeshe mhudumu wetu mpya jambo hili. Shati likabadilika. Miraba ilitoweka, na mahali pake yakatokea mawimbi mapana ya bluu yaliyokata kifua kwa mshazari, mawimbi ambayo hayapo kwenye kitambaa hicho. "Hili si shati langu," mwalimu akasema, naye alikuwa sahihi. Pikseli zilizobahatika kuulizwa zilianguka mara kwenye bluu, mara kwenye nyeupe, kwa mpangilio wake, na mpangilio huo ukazaa mchoro mpya. Ndivyo inavyokuwa pia kwa kitenge chenye maua madogo, kwa chandarua, kwa bati la mgongo mgongo, kwa kilemba chenye nyuzi za dhahabu, na kwa nywele zilizosukwa mistari myembamba.

Dawa yake ya zamani ni rahisi na bado naipenda. Usiruke, shuka kwa hatua. Unaichora picha kwenye kanvasi ya nusu yake: 3,000 inakuwa 1,500. Kwenye nusu kamili zile pikseli 4 zinazosomwa ndizo zote zilizopo, hakuna iliyoachwa nyuma. Kisha 1,500 inakuwa 750. Kisha 750 inakuwa 600, tofauti ndogo ambayo haina madhara. Picha ya mwalimu niliyoirudia kwa njia hiyo ilitoa shati la bluu nyepesi lililotulia, miraba ikiwa imeyeyuka kuwa rangi moja, kama vile macho yanavyoliona shati hilo mtu akiwa upande wa pili wa barabara. Sura yake nayo ilinyooka, hasa nyusi na ukingo wa kola.

Zipo njia bora zaidi. Kanvasi ina mpangilio unaoitwa imageSmoothingQuality ambao unaweza kuuweka high. Kwa kawaida huanzia low, na vivinjari havifanani katika jinsi vinavyouheshimu, kwa hiyo siutegemei peke yake. Kuna amri ya kivinjari iitwayo createImageBitmap, ambayo inaweza kuambiwa upana na urefu tangu inapofungua picha. Kuna pia kichujio cha Lanczos, kilichochukua jina la Cornelius Lanczos, mwanahisabati wa Hungaria aliyezaliwa mwaka 1893. Hiki kinasoma eneo pana zaidi na kuzipa pikseli za karibu uzito mkubwa kuliko za mbali, na hata kuzipa baadhi uzito hasi, jambo linalozifanya kingo zibaki kali. Pica, maktaba ya JavaScript (lugha ya kuandikia programu za tovuti), inaweza kukitumia, na inafanya hesabu pembeni ili ukurasa usigande. Squoosh, tovuti ya Google ya kubana picha iliyotoka mwaka 2018, ilionyesha wazi kwamba hata vibanaji vizito vya picha vinaweza kukimbia ndani ya kivinjari kwa WebAssembly, teknolojia ya kuendeshea programu nzito ndani ya ukurasa, picha ikiwa haijatoka kwenye mashine yako. Ukitaka kitu cha kutumia leo bila kuandika msimbo wowote, anza na hiyo.

Jambo moja la rangi ambalo hata mafundi wengi hulipita. Namba za pikseli huenda kutoka 0, nyeusi, hadi 255, nyeupe, lakini hazipandi sawasawa na mwanga. Chukua miraba midogo nusu nyeusi nusu nyeupe. Mwanga wake wa wastani unaandikwa 188 hivi. Kanvasi, ikichanganya namba kama zilivyo, itakupa 128, ambayo ni nyeusi kuliko ukweli. Kwa picha ya sura huwezi kuligundua. Kwa pazia la wavu lenye jua nyuma yake, au taa za jiji usiku, utaona picha ndogo imekuwa na giza ambalo kubwa haikuwa nalo.

Baada ya pikseli kuna KB, na hapa tunaingia kwenye JPEG. Kiwango hiki kiliidhinishwa mwaka 1992, na moyo wake ni hesabu iitwayo DCT, iliyochapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa akifundisha Marekani, pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao. Picha inagawanywa katika miraba ya pikseli 8 kwa 8. Kila mraba unaelezwa kwa mawimbi: sehemu inayobadilika polepole, na sehemu inayobadilika haraka haraka. Jicho la binadamu halisikitiki sana likikosa ile ya haraka, kwa hiyo hiyo ndiyo inayopunguzwa usahihi kwanza. Ukizidisha kubana, miraba yenyewe inaanza kuonekana mashavuni.

Ndiyo maana nawasihi wahudumu washuke pikseli kwanza, ubora baadaye. Nimeona wengi wakichukua picha ya pikseli milioni 12 wakaikandamiza ubora mpaka ifike KB 200. Inafika, lakini imechakaa. Picha hiyo hiyo ikishushwa kwanza hadi 600 kwa 600, kwa kawaida inaingia ndani ya KB 200 ikiwa na ubora wa juu. Kwa programu, kazi ya kutafuta ubora ni nyepesi: unaitoa kwa toBlob, amri ya kanvasi ya kutoa faili, ukiwa na ubora wa 0.9, unapima, ikizidi unajaribu 0.6, ikibaki nafasi unapanda hadi 0.75, na kuendelea kugawanya katikati. Majaribio sita au saba yanatosha, na mteja hajapata hata nafasi ya kuuliza kama tayari.

Vyeti ni habari nyingine. JPEG haikuundwa kwa ajili ya maandishi. Kila herufi ni mpaka wa ghafla kati ya nyeusi na nyeupe, na mipaka ya ghafla ndiyo inayoipa taabu ile hesabu ya mawimbi, kwa hiyo vivumbi vya kijivu vinaizunguka kila herufi. Zaidi ya hapo, vibanaji vingi huhifadhi rangi kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, yaani thamani moja ya rangi kwa kila pikseli nne, huku mwanga ukihifadhiwa kamili. Kwenye uso wa mtu hutaona kitu. Kwenye mhuri mwekundu wa shule uliopigwa juu ya sahihi ya mkuu, rangi inavuja nje ya mstari na herufi ndogo za ukingoni mwa mhuri zinafutika. Na ni mhuri huo huo ambao afisa wa upande wa pili atautazama. Cheti nakiachia upana wa pikseli 1,200 au zaidi, naondoa kingo za meza zilizoingia kwenye picha, na kama fomu haitaki rangi naigeuza iwe ya kijivu kabla ya kugusa ubora.

Kwa sahihi pia kuna mtego unaowatesa watu bure. Mtu ameandaa sahihi yake kama PNG, aina nyingine ya faili la picha, isiyo na mandhari, wino tu unaoelea. Kanvasi tupu haina weupe, ina uwazi, na JPEG haijui uwazi. Ikigeuzwa hivyo hivyo, kila palipokuwa wazi panakuwa peusi, na wino mweusi unazama humo. Fomu inarudisha mstatili mweusi na mwenye sahihi anadhani simu yake imeharibika. Suluhisho ni mstari mmoja wa msimbo: paka kanvasi nzima rangi nyeupe kwanza, ndipo uchore picha.

Halafu kuna yale yasiyoonekana. Simu inapopiga picha huandika pembeni ya pikseli maelezo yanayoitwa EXIF: muda, aina ya simu, upande ilioshikwa, na kama ruhusa ya mahali imewashwa, latitudo na longitudo. Latitudo na longitudo hizo zinaweza kumwonyesha mtu nyumba unayolala. Kanvasi hairithi maelezo hayo. Inachukua pikseli tu, kwa hiyo faili jipya linatoka bila anwani. Mtu aliyejipiga picha sebuleni kwake kwa ajili ya kutangaza biashara anakuwa amelindwa bila yeye kufanya lolote.

Kupotea kwa EXIF kuliwahi kuwa na usumbufu wake. Simu nyingi hazigeuzi pikseli unapoishika kwa wima, zinaandika tu kwenye EXIF kwamba picha hii isomwe ikiwa imezungushwa. Kanvasi ilikuwa inazichora pikseli kama zilivyolala na maelezo yakapotea, basi watu wakatoka wamelala ubavu. Tangu mwaka 2020 vivinjari vikubwa huizungusha picha vyenyewe kabla ya kuichora. Kwenye simu ya zamani ambayo haijasasishwa bado utakutana na watu waliolala, kwa hiyo weka kitufe cha kuzungusha.

Narudi kwenye lile linaloniuma. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya inayo ya kwake tangu 2019. Ya kwetu inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azikusanye kwa lengo linalojulikana, na inaweka masharti kwa taarifa zinazopelekwa nje ya nchi. Steshenari ya mtaani haijioni kama mkusanyaji wa taarifa, lakini kwa msimu mmoja inashika vitambulisho, namba za simu, vyeti na sura za watu wengi kuliko ofisi nyingi. Mzee anayeleta kitambulisho chake anamwamini kijana wa kaunta. "Mwanangu, nisaidie hapa," anasema, na anakaa kwenye benchi kusubiri. Hakumpa ruhusa ya kukituma kwa mtu mwingine yeyote. Simshutumu kijana, hakuna aliyewahi kumwonyesha njia nyingine, na mbele yake kuna foleni.

Kwa hiyo tumeweka ukurasa wetu wenyewe kwenye kompyuta za ndugu yangu. Una sehemu ya kuchagua picha, mraba wa kukata, kisanduku cha pikseli, kisanduku cha KB, basi. Ukishafunguka, modemu inaweza kuzimwa na kazi ikaendelea. Na hicho ndicho kipimo ninachowafundisha watu kwa tovuti yoyote inayodai kwamba haipakii picha zako: ifungue, zima data, kisha jaribu kupunguza picha. Ikigoma, picha yako ilikuwa inasafiri. Ikikubali, umepata dalili nzuri, ingawa bado inaweza kutuma mtandao ukirudi, kwa hiyo funga ukurasa kabla ya kuwasha data. Kwenye kompyuta kuna njia ya uhakika zaidi: bonyeza F12, fungua sehemu ya Network, uone kama kuna kitu kizito kinachotoka unapochagua faili. Halafu futa lile folda la Downloads kila jioni. Kupunguza picha ndani ya kivinjari hakusaidii kitu kama vitambulisho vya msimu mzima vinabaki humo na kila mteja anayekaa kwenye kiti anaviona.

Bando nalo si jambo dogo. Picha ya MB 4 inayokwenda kupunguzwa mbali inalipiwa kupanda, faili dogo linalipiwa kushuka, kisha linalipiwa tena kupanda kwenye fomu. Ikipunguzwa nyumbani, kinachopanda ni zile KB 200 tu, mara moja, sehemu ya ishirini ya mzigo wa kwanza. Mahali ambapo mtandao unashika E na kupotea, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama maombi yataingia kabla ya saa sita usiku ya siku ya mwisho.

Wenzangu mnaotengeneza mifumo hii, ombi langu ni kwenu kuliko kwa wahudumu. Fomu inayojua kwamba picha imezidi ina kila kinachohitajika ili kuipunguza. Imeshaisoma, imeshaipima, imesimama kwenye kivinjari chenye kanvasi. Badala ya kumfukuza mwombaji aende kuhangaika, ipunguzeni hapo hapo, mwonyesheni ilivyotoka, mwacheni asogeze mraba wa kukata mpaka kichwa kikae sawa, ndipo itumwe. Seva iendelee kukagua aina na uzito, maana kinachotoka kwenye kivinjari kinaweza kuchezewa. Tumeni faili lenyewe kwa toBlob, msiligeuze kuwa maandishi ya base64, ambayo yanaongeza theluthi nzima ya uzito. Kwa wenye iPhone kumbukeni HEIC, aina ya faili la picha ambayo simu hizo zimeitumia tangu iOS 11 na ambayo vivinjari vingi nje ya Safari havijui kuifungua: waambieni kwa Kiswahili cha kawaida wafanye nini, msiwaachie skrini nyeupe.

Na mkimaliza, msiujaribu ukurasa kwenye kompyuta mpakato mliyoutengenezea. Tafuteni simu ya bei ya chini yenye RAM ya GB 2, halafu chagueni picha ya megapikseli 48. Ikikunjuliwa hiyo ni MB 192 kabla hamjaanza kazi, na ukurasa uliofungua kanvasi tatu kwa pamoja utazimika bila kusema neno. Kwenye Safari ya iPhone kanvasi imekuwa na kikomo cha pikseli 16,777,216, na ukikipita unaweza kupata picha tupu. Ifungueni picha ikiwa tayari imepunguzwa kwa createImageBitmap pale inapokubali, tumieni kanvasi moja mnayoirudia, na iachieni kumbukumbu mara tu mnapomaliza hatua. Simu hiyo ikimudu, zitakazokuja na wateja zitamudu.